Gari la taka limegoma kupanda mlimani, faini nimepigwa mimi

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikirukaruka mambo utanivumilia. Naishi Mwanza, huku juu kwenye mawe. Jina la mtaa nakuomba usilitoe, tunajuana sana huku.

Nyumba tunayokaa ni ya kupanga: familia sita, bomba moja, choo kimoja. Mwenye nyumba yuko ng'ambo Sengerema na huja kwa ajili ya kodi tu, ingawa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe hana tena hata kile kisingizio cha foleni ya kivuko.

Zamani suala la taka halikuwa na makelele. Kulikuwa na kikundi cha vijana, walipanda Jumatano na Jumamosi na matenga yao, wanaita "taka jamani!", unatoa kiroba, wanashuka nacho. Mwisho wa mwezi unawapa Sh2,000. Miezi mitatu iliyopita tukakuta karatasi imebandikwa ofisi ya mtaa. Mkandarasi mpya. Gari litasimama kule chini barabarani, Jumanne peke yake, saa 12:30 asubuhi. Kila kaya Sh3,000. Halafu taka zitenganishwe: kiroba kimoja cha uchafu wa jikoni, kingine cha chupa, makopo na maboksi. Kiroba kilichochanganywa hakipokelewi.

Kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani ni ngazi za mawe 114. Nilizihesabu siku niliyoteleza. Asubuhi hiyo ninaandaa watoto wa shule, honi inalia, nikifika chini gari limeshakata kona. Sisemi mimi ni malaika, Shangazi, mara mbili tatu gari liliponipita na kiroba kinanuka ndani, giza lilinisaidia.

Lakini kinachoniuma ni hiki. Chumba cha pembeni kuna Bibi. Si bibi yangu wa damu, ila ndiye aliyenikanda nilipojifungua huyu wa mwisho, siku arobaini hakukosa hata moja. Magoti yake hayashuki ngazi. Taka zake mwenyewe si nyingi, uji na dagaa basi, na ninajua usiku humtuma mjukuu wake akazitupe kwenye korongo nyuma ya nyumba. Wiki iliyopita ilinyesha mvua ile ya kupasua bati. Asubuhi kiroba kimoja kimeshuka na maji hadi mlangoni kwa fundi cherehani, kimepasuka. Ndani: maganda ya viazi, magamba na matumbo ya sato, na daftari la hisabati la mwanangu wa darasa la tatu, jina lake lote na la shule. Madaftari ya zamani huwa nampa Bibi ya kuwashia jiko, ndiyo maana najua ni kiroba chake.

Wakaja mgambo wawili na mmoja aliyesema ni bwana afya. Faini Sh50,000. Nilikuwa na 30,000, wakaichukua, wakaniandikia kwenye kipande cha karatasi "imepokelewa", kwamba 20,000 iliyobaki niwe nayo Ijumaa. Mume wangu yuko kwenye dagaa huko Ukerewe, kwenye simu anasema lipa yaishe. Kuna mpangaji kapera naye anasema halipii taka yoyote kwa sababu yeye hapiki. Na mbaya zaidi, Jumanne moja niliyowahi, niliona kwa macho yangu wale wa kwenye gari wanamwaga viroba vyote viwili pamoja!

Nimtaje Bibi? Nimalizie hiyo pesa? Na niendelee kutenganisha ili iweje?

Mama wa Darasa la Tatu, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ngazi, na pole kwa siku uliyoteleza.

Nianze na hizo 20,000, maana Ijumaa haingoji. Usizitoe mkononi mwa mtu. Malipo ya halali ya halmashauri siku hizi yana namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, au unapewa stakabadhi iliyotoka kwenye mashine. Kipande cha karatasi kilichoandikwa "imepokelewa" bila muhuri, bila jina la aliyepokea, hicho si kitu. Kichukue hichohicho, kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa mtaa wako, ukionyeshe kwa upole kabisa, useme: "Nimeandikiwa faini, naomba namba ya malipo na stakabadhi ya hizi 30,000 nilizokwisha kutoa." Usiseme umeibiwa. Usimtaje mgambo kwa jina. Omba stakabadhi tu. Kama faini ni ya kweli, itapatikana kwenye vitabu na utamalizia kihalali. Kama si ya kweli, utaona jinsi watu watakavyoanza kutazamana. Mtendaji wa mtaa akikuzungusha, panda kwa mtendaji wa kata. Mumeo anasema lipa yaishe, lakini ya namna hii huwa hayaishi. Ukishalipa bila risiti, mlango wako unakuwa umejulikana.

Sasa daftari. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale. Umeniambia Bibi anaishi kwa uji na dagaa. Kisha umeniambia kiroba kilikuwa na magamba na matumbo ya sato. Na katikati ya hayo mawili kuna mstari umeupitisha haraka, ule wa giza kukusaidia mara mbili tatu.

Sikushtaki. Mimi mwenyewe nimekaa Mabatini miaka kumi na moja, kwenye nyumba iliyoegemea jiwe kubwa kuliko basi, na giza hilo nalifahamu. Ninachosema ni kwamba huna uhakika kiroba kilikuwa cha nani, na mimi sina, na mgambo hawakuwa nao. Kwa hiyo Bibi usimtaje. Ukiulizwa ofisini, sema ukweli unaoujua: daftari ni la mwanao, kiroba hukukiona kikitupwa, na nyumba yenu yote imeshindwa kulifikia gari. Hapo hujamdanganya mtu na hujamuuza aliyekukanda.

Kwa Bibi mwenyewe nenda, lakini usiende na kesi. Nenda jioni akiwa ameketi, na ndizi zako mbili tatu au kipimo cha dagaa, umuulize magoti kwanza. Halafu anza na lako: "Bibi, mimi nimetupa korongoni, na nimepigwa faini." Umwone. Mzee akisikia mtu mzima anakiri lake, la kwake atalitoa mwenyewe bila kuvutwa. Ukianza na mjukuu wake, utakuwa umemvua nguo mbele ya mtoto, na kanga hiyo hutaweza kumrudishia. Kisha mwambie kiroba chake kidogo kitakuwa kinashuka pamoja na chako. Kama ni uji na dagaa kweli, hutahisi hata uzito.

Lugha yetu imelipa korongo maana mbili, na Mwanza zote mbili zinakutana kwenye taka. Kuna korongo la maji, na kuna korongo ndege, yule mwenye kichwa cha upara na mfuko shingoni, anayesimama pale Mwaloni Kirumba kama askari aliyestaafu. Huyo wa pili kazi yake ni kula uchafu wetu. Huyo wa kwanza hali kitu. Anabeba tu. Makorongo mengi ya milimani mwetu yanashusha maji kwenye mto Mirongo au moja kwa moja ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalovutia maji ya bomba, pale Capri Point na sasa Butimba. Mumeo muulize ni mara ngapi wavu unapanda na mfuko ndani. Tangu rambo zilipopigwa marufuku Juni 2019 zimepungua, lakini kiroba cha salfeti nacho si samaki.

Sasa twende kwenye kiroba chenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona wote mnagombania gari wakati tatizo limo ndani ya kiroba.

Siku moja niliazima mizani ya jirani yangu muuza dagaa nikapima taka zangu za siku nne. Kilo 9. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikavaa mfuko mkononi, nikatoa kila kilichokuwa kibichi: maganda ya ndizi na viazi, makoko ya ugali, majani ya chai, mabua ya mchicha, mabaki ya sato. Nikapima tena kilichobaki. Kilo 2 na nusu. Na kilichobaki hakikuwa na harufu! Kilikuwa makaratasi, vifungashio, chupa, kitambaa kilichochanika. Kingeweza kukaa pembeni ya mlango wiki mbili na inzi asikijali. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni hizo za jikoni, na ndizo zinazooza, zinazonuka, zinazovuja kwenye mgongo wa mtu anayeshuka ngazi 114. Ukizitoa hizo, gari la mara moja kwa wiki linatosha, na ukilikosa Jumanne hii hutahitaji giza.

Utaniuliza zinaenda wapi wakati mnakaa juu ya mawe na hakuna pa kuchimba shimo. Swali zuri. Kwanza samaki: mwambie muuzaji akupaie na kukutumbulia hukohuko sokoni. Wapo vijana wanaofanya kazi hiyo, na matumbo yanabaki kule ambako kuna wa kuyala. Hilo peke yake litaondoa nusu ya harufu ya nyumba yenu. Pili, maganda na makombo: ulizia mfuga nguruwe au mbuzi aliye karibu. Wengi huzunguka wakitafuta, na atakuachia ndoo yake akija kuichukua ikijaa. Huyo ngazi hazimtishi, anafuata chakula cha mifugo yake.

Kama hakuna mfugaji, tafuta ndoo mbovu ya lita 20 yenye mfuniko. Choma msumari motoni, itoboe matundu chini na ubavuni, iweke juu ya matofali mawili. Kila ukitia maganda, funika na kiganja kimoja cha maranda makavu kutoka kwa fundi seremala, au majani makavu. Majivu ya jiko kidogo tu, ukizidisha yanaharibu. Usitie mifupa, matumbo ya samaki wala mafuta ya kukaangia, utaita panya wa mtaa mzima. Ikinuka, maana yake imelowa, ongeza maranda na uikoroge kwa kijiti. Baada ya miezi miwili mitatu utapata udongo mweusi, uutie kwenye kiroba upande mchicha. Bibi ana magoti mabovu lakini mikono yake nadhani bado mizima, na wazee wa Kisukuma wakiona udongo hawajui kukaa kimya. Mpe yeye usimamizi wa ndoo. Atakuwa na kazi ya nyumba ambayo haina ngazi.

Pampasi hukuzitaja, lakini katika familia sita hazikosekani. Kinyesi kiende chooni, yenyewe ikunjwe, ifungwe kwenye mfuko wake, ishuke kila Jumanne bila kukosa. Isitumbukizwe chooni, na isichomwe uani. Wala plastiki yoyote isichomwe: huko mlimani moshi wako ndio hewa ya chumba cha aliye juu yako.

Kuhusu chupa. Nakuamini kwamba umeona zikimwagwa pamoja. Gari lenye tumbo moja haliwezi kubeba aina mbili bila kuzichanganya, hata karatasi ya ofisini iseme nini. Wakati mwingine wapakiaji huzichambua wakiwa njiani, utaona kiroba kimening'inia ubavuni mwa gari, hicho ndicho cha chupa, posho yao ya siku. Nyingine zinaokotwa dampo, ukifika Buhongwa utawakuta watu wanainama tangu alfajiri. Kwa hiyo zako hazipotei zote, lakini zikishalowana na uchafu wa jikoni thamani yake imeshuka na aliyeziokota ameumia mikono. Basi usiwape. Kusanya, fungua kizibo, kanyaga ilale, tia kwenye kiroba, kikijaa mwite mnunuzi wa chupa aje na mizani yake. Usitegemee utajiri. Kilo moja ni chupa ndogo za maji sabini, themanini hivi, kulingana na unene. Lakini familia sita kwa mwezi hamkosi cha kumpa kijana mmoja wa mtaani ashushe viroba vyenu kila Jumanne wakati wewe unafunga vifungo vya sare. Hiyo ndiyo sababu ya kutenganisha. Mkandarasi afanye ayafanyayo, kiuno ni chako.

Kapera wenu mjulishe kwamba asiyepika pia hunywa. Zile chupa za soda na za vinywaji vya kuongeza nguvu nje ya mlango wake, paka ndiye anayekunywa? Kama hataki kutoa pesa, atoe mabega: yeye ashushe kwa zamu. Na mwenye nyumba, siku atakapokuja kuchukua kodi, kabla hamjahesabu noti mwambieni alete mapipa mawili yenye mifuniko. Wote sita mseme, siyo wewe peke yako.

Limebaki la mtaa, na hili lisiwe la manung'uniko bombani. Huduma ya taka si hisani ya mkandarasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha halmashauri mzigo wa taka ngumu, pamoja na kuweka utaratibu wa kuzitenganisha pale zinapozalishwa na wa vyombo vya kuzihifadhia. Kwa hiyo wanapowaambia tenganisheni wako sahihi, na mnapowauliza "gari lenyewe limetenganishwa?" nanyi mko sahihi. Ombeni liingizwe kwenye mkutano wa mtaa. Ulizeni ile 3,000 imepangwa wapi, na kwa nini aliye barabarani na aliye juu ya ngazi 114 walipe sawa wakati mmoja anafuatwa mlangoni. Kisha msiishie kuuliza, nendeni na pendekezo: wale vijana wa matenga warudi. Gari haliwezi kupanda mawe, hilo hata mkandarasi akibadilishwa mara kumi halitabadilika. Wao wapande, washushe hadi barabarani, gari lichukue, na sehemu ya ile 3,000 iwafikie. Wako hapohapo mtaani, wengi wao sasa hawana kazi, na jiwe lipi linateleza wanalijua kuliko mtu yeyote. Mwenyekiti wenu kama ana akili atalidaka hilo, kwa sababu litampunguzia kelele. Muombeni pia, mbele ya watu, wazee wasiojiweza kama Bibi wasihesabiwe kwenye malipo. Mbele ya watu ni vigumu kukataa.

Na muda. Saa 12:30 ni saa ya uji na viatu vya shule. Gari likisogezwa hadi saa 2, nusu ya akina mama wa mlimani watalifikia. Hilo halimgharimu mtu chochote, anzeni nalo.

Kesho mtendaji, jioni Bibi. Ndoo ianze hata leo. Na lile daftari, kama mgambo hawakuondoka nalo, lianike juani, umrudishie mtoto. Kurasa za nyuma bado zinaandikika.

Shangazi